Muziki Kwenye Karatasi: Magazeti, Majarida na Wasomaji Wake, Kutoka Mambo Leo hadi Singeli

Majarida ya muziki ya Ulaya yalizaliwa dukani. Allgemeine musikalische Zeitung, lililoanza kutoka mjini Leipzig mwaka 1798, lilikuwa mali ya Breitkopf & Härtel, wachapaji wakubwa wa nota, na wasomaji wake walikuwa wale wale walionunua nota hizo kwa ajili ya piano za nyumbani kwao. Melody Maker la London, 1926, lilianzishwa na mchapaji wa nyimbo, Lawrence Wright, likiwalenga wapigaji wa bendi za dansi. DownBeat la Chicago likawafuata wapenzi wa jazi kuanzia 1934. New Musical Express, 1952, likaanza kuchapa orodha ya santuri zilizouzwa zaidi Uingereza, na vijana wakapata sababu ya kulisubiri kila wiki. Kisha kila muziki ukapata jarida lake: Rolling Stone kwa vijana wa roki mwaka 1967, Kerrang! kwa wapenzi wa hevi metali mwaka 1981, The Source kwa hip hop mwaka 1988, ambalo lilianza kama karatasi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Nyuma ya majarida yote hayo kulikuwa na muuzaji: wa nota, wa santuri, wa magitaa au wa tiketi. Yeye ndiye aliyelipia matangazo, na matangazo ndiyo yaliyolipia wino.

Tanganyika haikuwa na muuzaji wa namna hiyo. Santuri zilizosikika Dar es Salaam na Zanzibar zilirekodiwa Bombay, kama zile za Siti binti Saad za mwaka 1928, au baadaye Nairobi, na faida ikabaki huko. Ndiyo maana historia ya maandishi kuhusu muziki nchini humu haifuati mkondo wa Leipzig wala wa London. Muziki uliandikwa ndani ya magazeti yaliyoanzishwa kwa kazi nyingine: elimu, dini, siasa, vyama vya wafanyakazi, michezo, udaku na afya. Kila moja lilikuwa na msomaji wake, na msomaji huyo ndiye aliyeamua ni muziki gani uandikwe.

Mji wa Mpanda unafaa kuipima historia hiyo. Leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, na Shanwe ni mojawapo ya kata za manispaa yake. Mji uliletwa na madini: reli ya tawi ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam lilikuwa na zaidi ya kilomita 1,100 za reli mbele yake kabla ya kumfikia msomaji wa huko. Gazeti la kila siku likishasafiri hivyo huwa limechacha. Jarida la kila mwezi, au la kila wiki, huvumilia safari. Na wimbo wa redioni hausafiri kwa behewa. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo iliyoamua, kwa miaka mingi, nani asome habari za muziki na nani azisikie tu.

Gazeti la kwanza la Kiswahili lililosambaa kweli Tanganyika nzima chini ya Waingereza lilikuwa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu. Lilikusudiwa kwa walimu, makarani, wanafunzi na watumishi wa serikali, na wengi zaidi walisomewa kwa sauti na hao. Wahariri wake hawakufikiria kuwa wanachapa gazeti la muziki. Hata hivyo kurasa mbili zake zilikuwa za muziki kwa namna yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mashairi. Mashairi ya Kiswahili hutungwa yaimbwe, na mtunzi aliyepeleka beti zake kutoka Tanga au Ujiji alijua kuwa kuna mtu atakayezisoma kwa mahadhi. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapwa humo. Ukurasa wa pili ulikuwa wa barua, na humo ngoma zilijadiliwa kwa ukali. Beni, ngoma ya kiaskari yenye vyeo, sare na ushindani wa Marini na Arinoti, ilikuwa imeenea kutoka pwani hadi bara kwa kufuata njia za askari, wapagazi na reli. Waandishi wa barua waliilaumu kwa kula fedha za vijana na kuleta ugomvi. Mwanahistoria Terence Ranger alipoandika kitabu chake kuhusu Beni mwaka 1975, barua hizo zilikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Inafurahisha kidogo kwamba ngoma hiyo inajulikana leo kwa sehemu kwa sababu ya kalamu za watu waliotaka ife.

Msomaji wa Mambo Leo, basi, alikuwa mtu aliyesoma shule, na aliutazama muziki kwa jicho la adabu. Wapigaji na wachezaji wenyewe hawakuandika, walicheza. Pengo hilo kati ya anayeandika na anayecheza litaonekana tena na tena.

Magharibi ya nchi kulikuwa na mkondo mwingine, wa kanisa. Mapadre Weupe waliingia Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na misheni hiyo ikawa shina la Ukatoliki wa Katavi na Rukwa. Waumini walifundishwa kuimba kabla hata ya wengi kujua kusoma. Mwaka 1950 Wakatoliki walianza kutoa gazeti la Kiongozi kutoka Tabora, mji ambao kwa mtu wa Mpanda ulikuwa karibu zaidi kuliko Dar es Salaam kwa kila hali, na idara ya vitabu ya Tabora ikachapa vitabu vya dini kwa kanda nzima. Wasomaji wa mkondo huu walikuwa katekista, walimu wa shule za misheni na viongozi wa kwaya. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, Kilatini kilipoipisha lugha ya wenyeji na ngoma zikaruhusiwa kanisani, mahitaji ya nyimbo mpya yalikua ghafla. Mwalimu wa kwaya hahitaji kusimuliwa maisha ya mtunzi; anahitaji nota. Nota hizo, zilizoandikwa kwa mfumo wa do, re, mi, zimepita mkono kwa mkono, kwanza zikinakiliwa kwa kalamu, kisha kwa mashine ya fotokopi, na sasa kwa simu. Hili ndilo tawi pekee la maandishi ya muziki nchini lililofanana na Leipzig: karatasi kwa ajili ya anayepiga na anayeimba, na kwa shabiki kidogo sana. Pia ndilo tawi lililodumu bila kukatika, ingawa wanaoorodhesha majarida ya muziki hawalitaji kamwe.

Redio ilipokuja, ilileta aina nyingine ya chapa. Lusaka, upande wa kusini, kituo cha utangazaji cha Afrika ya Kati kilikuwa kimewapa Waafrika redio ya bei nafuu iliyoitwa kwa utani ya sufuria, na kuanzia 1952 jarida la The African Listener likatolewa kwa ajili ya wenye redio hizo. Jina lake lilibadilika kuwa Nshila mwaka 1958. Kituo hicho kilikuwa na mwimbaji na mtangazaji wake mashuhuri, Alick Nkhata, na jarida lilimfuata msikilizaji kama kivuli. Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, lakini hapa mawasiliano kati ya kituo na msikilizaji yalichukua njia ya posta zaidi kuliko ya jarida. Vipindi vya salamu vilimfanya msikilizaji wa mikoani aandike kadi, ataje ndugu na marafiki, aombe wimbo, kisha asubiri jina lake litajwe. Kazi iliyofanywa na ukurasa wa barua wa Mambo Leo ilihamia hewani. Kwa mji kama Mpanda, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa: kadi ilichelewa kwenda, lakini jibu lilifika kwa dakika ile ile Dar es Salaam na Mpanda.

Wakati huo huo jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951, lilikuwa na toleo la Afrika Mashariki. Huko Johannesburg mwandishi na mpiga piano Todd Matshikiza alikuwa ameonyesha jinsi Mwafrika anavyoweza kuandika kuhusu jazi kwa lugha yenye mapigo ya jazi yenyewe. Drum la Afrika Mashariki lilikuwa la Kiingereza, lenye picha kubwa, likimlenga mtu wa mjini mwenye mshahara: karani wa Nairobi, mwalimu wa Kampala, mfanyakazi wa benki wa Dar es Salaam. Liliuza ndoto ya maisha ya kisasa, na wanamuziki walikuwa sehemu ya ndoto hiyo pamoja na mabondia na warembo.

Kipindi chenye utajiri kuliko vyote ni kile cha bendi, kuanzia uhuru hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, nacho ndicho kilichokosa kabisa jarida la muziki lililodumu. Sababu ziko wazi. Bendi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz iliundwa 1964 na chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA chama kilipobadili jina, kisha OTTU. Mlimani Park, au Sikinde, iliyoanza 1978, iliangukia mikononi mwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Jeshi, polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Magazeti nayo yalimilikiwa na taasisi hizo hizo: Uhuru na Mzalendo yalikuwa ya chama tawala, na Mfanyakazi lilikuwa la JUWATA, mwenye ile NUTA Jazz ya zamani, maarufu kama Msondo. Mwanamuziki alilipwa mshahara, bendi ilipewa vyombo, na Radio Tanzania ilirekodi nyimbo na kuzipiga bila mtu yeyote kuhitaji kuuza santuri. Hakukuwa na kampuni ya kulipia ukurasa wa tangazo. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kubana santuri na kampuni za kuziuza, na ndiko Mbaraka Mwinshehe na wengine walikokwenda kurekodi. Lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa. Juu ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Gazeti lenye kurasa chache lina mambo mengi ya kuchapa kabla ya gitaa.

Pamoja na hayo, safu za burudani za Uhuru, Mzalendo na Mfanyakazi zilisomwa kwa hamu. Msomaji wake hakuwa mpenzi wa aina ya muziki kama msomaji wa DownBeat au Kerrang!. Alikuwa shabiki wa bendi. Kwa maneno ya wapenzi wa dansi wenyewe, mtu alikuwa wa Sikinde au wa Msondo, kama alivyo wa Yanga au wa Simba, na alifungua ukurasa kujua nani kahama, nani kachukuliwa na nani, bendi ipi imekwenda kambini kuandaa nyimbo mpya. Bendi zote mbili zilipiga dansi; aliyezisikia kutoka mbali angeweza hata kuzichanganya. Kilichomgawa msomaji ni upande, na waandishi waliandika kwa kufuata upande. Jambo hili linaeleza kwa nini muziki na mpira vilikaa ukurasa mmoja tangu wakati huo na havijaachana. Gazeti la Burudani la Uhuru Publications, Dimba, na baadaye Mwanaspoti, yote yalijengwa juu ya desturi hiyo: mbele mabao, nyuma magitaa.

Kwa mikoa ya magharibi, bendi za Dar es Salaam zilikuwa na wapinzani wa karibu. Tabora peke yake ilikuwa imetoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Upande wa pili, ng'ambo ya ziwa, kulikuwa na Kongo na muziki wake uliovuka maji kwa redio na kwa watu. Makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970, yaliongeza wasikilizaji wa lugha nyingine na ngoma nyingine. Wasukuma waliohamia na mifugo yao walileta wigashe na ushindani wa Bagika na Bagalu, ambao ni mkongwe kuliko Sikinde na Msondo. Hakuna gazeti la Dar es Salaam lililoandikwa kwa msomaji wa mchanganyiko huo. Mhariri alikaa Dar es Salaam, aliandika kumbi za Dar es Salaam, na msomaji wa Mpanda alisoma matangazo ya dansi ambalo hangeweza kulihudhuria. Si kosa la mtu. Ni matokeo ya gazeti kuwa mahali palipo na mashine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yalifunguka kwa pamoja: vyama vingi, magazeti binafsi, redio binafsi. Radio One ilianza 1994, na mtangazaji wake Mike Mhagama ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeupa muziki mpya wa vijana jina la Bongo Fleva katika miaka hiyo. Taarab ya kisasa nayo ikaingia magazetini kwa mlango wa ugomvi. TOT, kikundi cha chama tawala, kilishindana na kikundi cha Muungano, na mipasho ya jukwaani kati ya waimbaji kama Khadija Kopa na Nasma Khamis Kidogo ilikuwa habari iliyojiandika yenyewe. Wanawake, ambao Mambo Leo na Mfanyakazi hayakuwahi kuwachukulia kama wasomaji wa habari za muziki, sasa walikuwa wateja wa kutafutwa.

Hapo ndipo yalipostawi magazeti ya udaku. Kampuni ya Global Publishers ya Eric Shigongo ilitoa Uwazi, Ijumaa, Risasi, Amani na mengineyo, kila moja na siku yake na kichwa chake cha habari kikubwa. Wasanii wa Bongo Fleva na wa filamu wakawa malighafi. Albamu iliandikwa mara chache. Mapenzi, magari na ugomvi wa msanii viliandikwa kila wiki. Ni rahisi kuyadharau magazeti haya, na wengi wamefanya hivyo kwa haki. Lakini yaliishi kwa fedha ya msomaji mwenyewe, bila taasisi nyuma yake, na yalithibitisha kwamba kijana wa mtaani atalipa ili asome kuhusu mwanamuziki.

Katikati ya miaka ya 2000 uthibitisho huo ulizaa majarida. Bang! lilichapwa kwa karatasi ya kung'aa, likimtazama msomaji wa mjini mwenye kipato, na muziki ulikaa humo pamoja na mitindo na biashara. Baab Kubwa liliandikwa kwa Kiswahili cha vijana na kuushika Bongo Fleva moja kwa moja. Nairobi, mchezo huo ulichezwa ndani ya magazeti: The Standard lilikuwa na Pulse, kijitabu cha burudani cha Ijumaa, kilichobebwa na mauzo ya gazeti mama. Njia ya Kenya ilikuwa salama zaidi. Jarida linalosimama peke yake Tanzania lilitegemea matangazo ya simu na bia, wachuuzi wa mijini, na barabara. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya gazeti la udaku, na kadiri lilivyoiacha Dar es Salaam ndivyo gharama ya kulifikisha ilivyopanda. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda ilikamilika baada ya enzi hiyo kwisha.

Chapa iliyofika mbali zaidi haikuwa ya muziki hata kidogo. Femina, lililoanzishwa 1999 na mtafiti Minou Fuglesang na baadaye kuitwa Fema, lilikuwa jarida la afya ya uzazi na stadi za maisha, likilipiwa na wafadhili na kusambazwa bure katika shule za sekondari nchi nzima, zaidi ya nakala 100,000 kwa toleo katika miaka yake ya nguvu. Si Mchezo!, kuanzia 2003, lilielekezwa kwa vijana walio nje ya shule, hasa vijijini, likiwa na sentensi fupi na picha nyingi. Nyota wa muziki walitumika humo kuvuta macho ili ujumbe wa Ukimwi upite. Mwanafunzi wa sekondari wa Mpanda ambaye hangeweza kuipata Bang! angeweza kuipata Fema darasani. Kwa hesabu ya mikono iliyolishika, jarida hilo la afya liliyashinda majarida yote ya burudani.

Nje ya nchi kulikuwa na msomaji wa aina nyingine kabisa. Majarida ya London kama fRoots na Songlines, la pili likianza 1999, na The Beat la Los Angeles, yaliandikwa kwa mnunuzi wa Ulaya na Marekani aliyetafuta muziki wa dunia. Msomaji huyo alimpenda Hukwe Zawose na zeze lake, Bi Kidude, aliyetuzwa na WOMEX mwaka 2005, na Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo ambaye albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa na Real World mwaka 1989. Bongo Fleva haikumvutia. Aliiona kama mwangwi wa Marekani. Kwa hiyo msanii yule yule angeweza kuwa na sura mbili. Bi Kidude wa majarida ya nje alikuwa kielelezo cha taarab nzima, wakati kwa mpenzi wa taarab wa Unguja alikuwa mmoja wa waimbaji, tena wa upande wa ngoma za unyago na msondo. Singeli imerudia kisa hicho kwa kasi. Muziki wa uswahilini, uliochukuliwa muda mrefu na magazeti ya nyumbani kama kelele za vigodoro, ulipotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala katika mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017, ukapokewa na waandishi wa muziki wa majaribio wa Ulaya kama jambo jipya duniani.

Intaneti ya simu imemaliza tatizo la kilomita 1,100. Habari ya msanii hufika Shanwe na Sinza ya Dar es Salaam kwa dakika moja, na Mpanda Radio FM inapiga muziki kutoka mjini humo humo. Karatasi imelipa gharama ya urahisi huo, hapa na kwingineko: Melody Maker lilimezwa na New Musical Express (NME) mwaka 2000, na NME nalo likaacha kuchapwa 2018, likarudi 2023 kwa nakala chache. Tanzania, magazeti ya michezo bado yana kurasa zake za burudani, na ndiyo yaliyobaki.

Kwa sababu muziki uliandikwa ndani ya chapa za kazi nyingine, haupatikani maktaba kwa kutafuta neno muziki. Anayetaka historia ya Beni na afungue barua za Mambo Leo; wa kwaya, Kiongozi na makabati ya parokia; wa dansi, Mfanyakazi na Uhuru, ukurasa wa nyuma. Wa Bongo Fleva ana kazi ngumu kuliko wote, maana magazeti ya udaku yalifungiwa maandazi kabla mtu hajayaweka rafuni, na aliyebaki na nakala zake nyumbani asizitupe.